Miguu mikavu juu ya baiskeli: ununue nini kwanza kabla mvua hazijashika

Hapa Njombe mvua huanza Novemba na kutuachia Aprili, mara nyingine Mei. Zikikatika tu, Juni na Julai zinakuja na ukungu na manyunyu ya baridi, yale ambayo koti linayastahimili lakini soksi hapana. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mimi huendesha baiskeli kutoka Kibena hadi mjini asubuhi na kurudi jioni, mwaka mzima, na nimeshanunua karibu kila kitu kinachouzwa kwa ajili ya miguu. Navipanga hapa kwa kufuata kipi ununue kwanza, kwa sababu najua wengi wetu hatuwezi kununua vyote kwa mwezi mmoja.

Miaka miwili nilihangaika na viatu tu. Siku moja fundi wangu wa baiskeli aliniambia niinue mguu. "Mwalimu, hebu tazama kiatu chako. Tope hili limetoka mbinguni?" Ncha ya kiatu na ubavu wake wa ndani vilikuwa vimepakwa tope jekundu, lakini pale juu kwenye kamba palikuwa pasafi kabisa. Tangu siku hiyo ndiyo nikaelewa. Maji mengi yanayolowesha miguu yetu hurushwa na tairi la mbele. Linayazoa barabarani na kuyamwaga nyuma, na kila mguu unaposhuka na pedeli unayapokea. Mvua yenyewe inafuata baadaye. Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye orodha yangu hakivaliwi mguuni.

Namba moja: ulimi wa madigadi

Phoenix na baiskeli nyingine ndefu za aina yake huja na madigadi ya bati yanayofunika tairi vizuri, ila ya mbele huishia juu mno. Baiskeli za mtumba zenye matairi ya meno ndizo zenye shida zaidi. Nyingi hazina madigadi kabisa, au zina kile kipande cha plastiki kilichoinuka juu ya tairi kama mdomo wa bata. Kile kinakinga uso, miguu inabaki kama ilivyokuwa. Unachotaka ni madigadi kamili ya mbele, na mwishoni mwake ulimi wa mpira unaoning'inia mpaka ubaki upana wa vidole vinne tu kufika ardhini.

Fundi hukata ulimi huo kwenye tyubu kuukuu ya lori, upana wa kiganja, kisha hutoboa matundu mawili kwa msumari wa moto na kuufunga kwa boliti. Wangu ulinigharimu shilingi 2,000, na hakuna kiatu chochote nilichowahi kununua kilichonifanyia kazi kubwa kama hiyo. Usikubali akukatie tyubu ya baiskeli. Ni nyembamba, ukishika mteremko inapeperuka kwenda nyuma na maji yanapita chini yake bila kizuizi. Mpira mzito hutulia, na hata ukigonga jiwe unajikunja tu na kurudi.

Namba mbili: soksi za sufu

Ukipanda baiskeli saa nzima kwenye mvua ya kweli, utalowa, uvae nini usivae nini. Mimi nimeacha kutafuta mguu mkavu kwa gharama yoyote, natafuta mguu wenye joto. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayozidi hewa zaidi ya mara ishirini. Pamba hunywa maji hayo na kuyashikilia kwenye ngozi, ndiyo maana soksi nyeupe za shule ni adui wa vidole. Sufu hubeba unyevu wa karibu thuluthi ya uzito wake kabla hujauhisi, na hata ikilowa chapachapa, nyuzi zake zilizojikunja bado hushika hewa kidogo. Mguu unakuwa na maji lakini hauumi.

Kazi ni kuipata. Soksi nene wanazofuma kina mama wa huku mara nyingi ni za uzi wa dukani, akriliki. Si mbaya, zinaishinda pamba kwa mbali, ila usizilipie bei ya sufu. Omba kipande kidogo cha uzi, toka nje, kiwashe kwa kiberiti. Sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua, huzimika ukiondoa moto, na huacha majivu meusi yanayosagika kati ya vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu kama shanga. Kwenye marobota ya mtumba hupatikana soksi ndefu za watu wa theluji, na bei yake huwa ndogo kwa sababu wanunuzi wengi wanaziona ni nene mno. Ingiza mkono ndani na uiinue soksi kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako kupitia kisigino, iache.

Nunua jozi mbili. Moja iwe mguuni, ya pili ndani ya mfuko mkavu, uivae ukishafika. Kushinda na soksi mbichi tangu asubuhi mpaka jioni ndiko kunakoleta fangasi kati ya vidole.

Namba tatu: gambuti

Najua wengi wataniuliza kwa nini gambuti haziko juu. Ni za bei nafuu, zinapatikana kila duka la pembejeo, na wabeba maziwa karibu wote wanaotupita alfajiri na madumu yao kwenye keria wanazivaa. Kwa kutembea shambani hazina mpinzani. Juu ya pedeli zina matatizo matatu, na yote yanazuilika ukinunua kwa akili.

La kwanza ni shingo ndefu. Gambuti zinazofika gotini hukukwaruza nyuma ya goti kila unapozungusha. Chukua zile fupi zinazoishia katikati ya muundi. La pili ni kipimo. Mtu akivaa namba 42 hununua 42, halafu anaingiza soksi nene, mguu unabanwa, damu haipiti sawasawa na vidole vinakufa ganzi ndani ya kiatu kikavu. Ongeza namba moja, na ujaribu ukiwa na soksi zako za mvua. La tatu ni soli. Pedeli za mpira zikilowa huteleza chini ya gambuti, hasa unaposimama kupanda mlima. Mwombe fundi akufungie pedeli za chuma zenye meno, na wewe dukani chagua soli yenye matuta ya kina.

Kabla ya kulipa, kunja shingo ya gambuti kuanzia juu na uendelee kuikunja kwa nguvu mpaka sehemu ya mguu itune kwa hewa. Isogeze karibu na shavu na uizungushe taratibu. Pakiwa na ufa pale soli inapoungana na juu, utahisi pumzi ikikupuliza. Kunja pia pale vidole vinapojikunjia. Plastiki ngumu huonyesha mstari mweupe, na hapo ndipo itakapopasukia msimu wa baridi. Mpira wenyewe hauonyeshi kitu.

Suruali ya mvua ikae juu ya gambuti, isiingizwe ndani. Niliwahi kuingiza ndani siku moja ili nionekane nadhifu. Maji yalitiririka kutoka gotini, na nilipofika nilimwaga kila gambuti kama kikombe. Upande wa cheni, funga pindo kwa kipande cha mpira wa tyubu lisije likanaswa.

Namba nne: mfuko wa mkate

Vaa soksi nyembamba, juu yake mfuko, juu ya mfuko soksi nene, kisha kiatu chako cha kawaida. Soksi ya ndani itapata jasho, lakini maji ya nje hayafiki kwenye ngozi, wala upepo hauipati. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, kwa hiyo usiende kutafuta rambo. Vifungashio vya mkate bado vipo, na huwa unavitupa bure. Hudumu safari tatu au nne kabla ya kutoboka kwenye kidole gumba. Mwezi ukiwa mbaya, anza na hii pamoja na ulimi wa madigadi.

Namba tano: vifuniko vya viatu

Hivi huvaliwa juu ya kiatu na kufungwa kwa zipu nyuma. Vizuri ni vya neopreni, ule mpira wenye povu wa suti za wapiga mbizi. Maji kidogo huingia, mwili unayapasha joto, na povu linayazuia yasipoe. Huku kwetu ni vya kubahatisha kwenye mtumba. Ukivipata, kagua zipu kwanza, kisha chini, kwa sababu vimekatwa tundu la soli na hapo ndipo huchanika kwa mtu anayeshuka kusukuma baiskeli mlimani. Na huku kusukuma hakukwepeki.

Vya kuacha

Viatu vyenye utando wa ndani usiopitisha maji vinasifiwa sana, na kwa manyunyu sifa hizo ni za kweli. Lakini mvua ikiingia kupitia shingoni, utando uleule unayazuia maji yasitoke, na kiatu hukaa siku mbili hakijakauka. Raba za sponji zinabeba maji kama dekio. Viatu vya ngozi vilivyopakwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo vinafaa siku ya ukungu tu.

Ndugu zangu wa Tanga na Dar es Salaam, haya mengi hayawahusu. Mvua yenu ina joto. Vaeni sandali zenye mkanda wa kisigino, muache maji yaingie na yatoke.

Kwa sisi wa nyanda za juu, kukausha ni nusu ya kazi. Toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu, badilisha baada ya saa moja, kisha jaza tena kabla ya kulala. Usiviweke karibu na moto, gundi itaachia na mpira utapasuka. Na tafadhali sana, usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili viatu vikauke usiku. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, na huua watu wakiwa usingizini. Magazeti ya jioni moja yanatosha. Asubuhi ukiingiza mkono utakuta ubaridi tu, na soksi ya sufu itaumaliza kabla hujapita mashamba ya chai.