Maikrofoni ya Shure SM58 katika bendi ya roki ya vijana wa kanisa

Bendi nyingi za vijana makanisani huanzia kwenye vyombo, na sauti ya kuimba hukumbukwa mwishoni. Wavulana wawili wenye magitaa hubaki ukumbini baada ya ibada, mwenzao aliyezoea kupiga ngoma za kwaya huketi nyuma ya drumu, mwingine hukubali kujifunza gitaa la besi kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka, kisha ndipo hutafutwa wa kuimba, naye hukabidhiwa maikrofoni yoyote iliyopatikana stoo. Bendi ninayoilea ilianza hivyo hivyo, na kwa sababu hiyo siwezi kuitathmini Shure SM58 bila kueleza jinsi vijana hao walivyokutana, walivyokaribia kukata tamaa, na walivyokua hadi wakaaminiwa kuongoza ibada nzima.

Kilichokaribia kuwakatisha tamaa ni malalamiko ya wazee wa kanisa kwamba muziki wao ulikuwa kelele. Vijana waliyachukulia malalamiko hayo kuwa ni chuki dhidi ya roki yenyewe, na wawili kati yao walikwisha kusema kwamba wangeacha. Nilipokwenda kuketi katikati ya waumini na kusikiliza kutoka huko, nilielewa kwamba wazee walikuwa wakisema jambo jingine, nalo lilikuwa la haki: maneno ya nyimbo hayakusikika. Gitaa la umeme linalopigwa kwa mkwaruzo mkali hujaza masafa ya takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 hadi 5,000, ambayo ndiyo sikio huyategemea sana katika kutofautisha konsonanti, na konsonanti zikizama, wimbo wa sifa hubaki irabu tupu. Vijana walikuwa wakijifunza kwa kusikiliza rekodi za Hillsong United, bendi iliyotokana na huduma ya vijana ya kanisa moja mjini Sydney, Australia, wakaziiga gitaa zake kwa bidii ya kupendeza. Lakini katika rekodi mafundi huwa wamekwisha kuisogeza sauti ya mwimbaji mbele ya vyombo, jambo ambalo kijana anayeiga gitaa halioni kwa urahisi.

SM58 iliingia sokoni mwaka 1966, ikiwa na moyo, yaani sehemu ya ndani inayonasa sauti, uliotokana na teknolojia ya Unidyne III, ambayo mhandisi Ernie Seeler wa kampuni ya Shure aliikamilisha mwaka 1959. Herufi SM za jina lake ni kifupi cha Kiingereza cha “maikrofoni ya studio”, ila umaarufu wake umepatikana jukwaani. Hunasa masafa ya hezi 50 hadi 15,000, na mwitikio wake haukulala sawasawa, yaani hainasi masafa yote kwa nguvu moja: umepunguzwa chini, ambako ngurumo za jukwaa hukaa, na umeinuliwa juu ya hezi 2,000, palepale ambapo gitaa lilikuwa likimeza maneno. Tulipoiweka badala ya maikrofoni ya zamani, bila kugusa kitu kingine chochote, silabi za beti zilianza kufika viti vya nyuma. Sauti haikuwa tamu zaidi, na msikilizaji makini atasema kwamba ina ukavu fulani. Ila ilieleweka, na katika ibada, ambapo mkutano mzima unatakiwa kuitikia kile ulichokisikia, kueleweka ndiko kunakotangulia.

Jambo ambalo lilitufundisha zaidi ni jinsi inavyochagua upande wa kusikiliza. Hupokea vizuri sauti inayotoka mbele yake, hupunguza ya pembeni, na hupunguza zaidi kabisa ile inayotoka nyuma yake, yaani upande wa waya. Kwa hiyo spika ya miguuni, ambayo humrudishia mwimbaji sauti yake, inapaswa kuwekwa mbele yake, ikitazamana na mkia wa maikrofoni. Wengi huishia hapo na kusahau drumu. Mpiga drumu akiketi moja kwa moja nyuma ya mwimbaji, kama ilivyo katika majukwaa mengi, drumu zote huwa mbele ya maikrofoni, na mwili wa mwimbaji hauzuii mengi. Tulizihamishia drumu pembeni, tukageuza na kikuza sauti cha gitaa kisielekee mgongo wa mwimbaji, na mabadiliko hayo ambayo hayakugharimu chochote yaliisaidia SM58 kuliko marekebisho yoyote ya mikisa, yaani mtambo wa kuchanganya na kurekebisha sauti.

Vijana pia hupenda kushika maikrofoni kwa kukumbatia wavu wake, kwa kuwa wamewaona waimbaji wakubwa wakifanya hivyo. Katika SM58 mshiko huo una madhara makubwa, kwa sababu huziba matundu ya nyuma ya moyo wa maikrofoni, ambayo ndiyo huiwezesha kuchagua upande. Ikizibwa husikia kutoka pande zote, na spika hupiga mluzi mara moja. Nimeona kwamba somo hili halihitaji kuhubiriwa, kwani mluzi ukisikika mbele ya mkutano wote, mkono hushuka wenyewe hadi kwenye kiwiliwili cha maikrofoni.

Kuhusu sauti zinazobadilika, kifaa hiki kinahitaji uangalifu ambao watu wazima hawalazimiki kuwa nao. Mwimbaji wetu wa kwanza alikuwa mvulana ambaye sauti yake ilivunjika katikati ya msimu wa mazoezi, na nyimbo alizozimudu awali zikamshinda. Tulishusha funguo za nyimbo, na kwa kuwa noti sasa zilikuwa za chini, tatizo jipya likatokea: SM58, kama maikrofoni nyingine za aina yake, huongeza besi kadiri mdomo unavyoikaribia, hivyo sauti changa ya kiume inayotafuta makao yake hutoka imefunikwa na uzito usio wake. Dawa ni kukata masafa ya chini ya hezi 100 hivi kwenye mikisa na kumzoeza mwimbaji kusogea kidogo anapoimba kwa nguvu, akikaribia tena anapotuliza sauti. Kijana anayejifunza kucheza na umbali huo anajifunza kuimba, na ninaipenda maikrofoni hii kwa sababu haimfichi asiyejua, ila humlipa anayejitahidi.

Udhaifu wake mkubwa nimeuona kwa waimbaji wapole. Bendi ilipokua na kupata binti mwenye sauti ya pili nyororo sana, SM58 ilidai nyongeza kubwa ya nguvu kwenye mikisa, kwa kuwa hutoa milivolti 1.85 tu kwa kila paskali ya msukumo wa sauti, na ukiiongezea nguvu kiasi hicho, matoazi ya drumu nayo huingia. Alilazimika kuimba midomo ikikaribia kugusa wavu, jambo lililomwia gumu kwa aibu ya umri wake. Msaada ulitoka kwa msichana mwenzake, ambaye hakuwa mwimbaji wala mpigaji lakini alikuwa na sikio lililomzidi kila mmoja wetu. Akajifunza mikisa, akawa fundi mitambo wa bendi, na tangu hapo ndipo niliposema kwa uhakika kwamba tuna bendi. Kundi la vijana huanza kukomaa pale mmoja wao anapokubali kukaa mbali na jukwaa ili wenzake wasikike.

Kwa uimara sina la kulalamikia. Ina uzito wa gramu 298, wavu wake ni wa chuma, na moyo wake umeegeshwa ili usipokee mitikisiko ya mkono. Imeanguka kwenye sakafu ya ukumbi, wavu ukabonyea, na ikaendelea na wimbo uleule. Wavu hufunguka kwa kuzungushwa, kwa hiyo unaweza kuuosha pamoja na sponji iliyomo kwa maji na sabuni, kisha ukauacha ukauke kabisa kabla ya kuurudisha. Pale ambapo vijana wanapokezana maikrofoni moja na mafua yamo, usafi huo usiahirishwe. Haihitaji umeme kutoka kwenye mikisa, na hili huliwezesha kanisa lenye mitambo ya zamani kuitumia bila kubadili chochote. Tahadhari kubwa ni bidhaa za bandia, maana SM58 inaigwa sana. Inunuliwe kwa wakala anayetambuliwa na Shure, na iliyo nyepesi mno mkononi itiliwe shaka. Kati ya toleo lenye swichi na lisilo na swichi, ningewanunulia vijana lisilo nayo, kwa sababu kidole chenye wasiwasi huizima katikati ya ubeti.

Wapo wanaoshauri kuanza moja kwa moja na Beta 58A ya kampuni hiyohiyo, ambayo hutoa sauti yenye nguvu zaidi na kuchagua upande kwa ukali zaidi. Ni nzuri, na kwa sauti ile ya pili tuliinunua baadaye, lakini hairuhusu uzembe: mwimbaji akigeuza shingo kidogo, sauti hupotea, na spika ya miguuni haiwezi tena kukaa moja kwa moja upande wa mkia wa maikrofoni, kwa kuwa maeneo ambayo maikrofoni hiyo husikia kidogo zaidi yako kushoto na kulia kwa nyuma. Kijana ambaye bado anajifunza kusimama mbele za watu ataonewa na masharti hayo. Waimbaji wetu wengine wote wamebaki na SM58, akiwemo yule mvulana ambaye sauti yake imetulia sasa kuwa sauti ya tatu, na mzee mmoja aliyekuwa akilalamika zaidi ameomba maneno ya wimbo wa mwanzo wa ibada yachapishwe kwa herufi kubwa, kwa kuwa anataka kuuimba pamoja nao.