Mti wa Krismasi wa kitalu cha njia ya Kibosho: mwaka mmoja baada ya kuununua

Nianze na mti wa mwaka juzi, maana bila huo nisingekifahamu kitalu ninachotaka kukisifia hapa. Ulikuwa saiprasi mzuri wa kimo cha kifua, umesimama kwenye kiriba (mfuko wa miche) cha udongo mweusi, unauzwa kandokando ya barabara hapa Moshi mjini. Nikauliza, "Una mizizi huu?" Kijana akanijibu, "Bosi, huu Krismasi ikiisha unauotesha tu." Nikatoa elfu ishirini na tano. Siku ya tano ukawa na rangi ya chai ya rangi. Siku ya tisa mwanangu mdogo akauvuta ili atoe puto, mti mzima ukamfuata mkononi. Chini kulikuwa na mkato wa panga, wa mshazari. Lilikuwa tawi limechomekwa kwenye udongo! Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Pasua, mbao ya saiprasi naijua hata gizani kwa harufu, na nimeuziwa kijiti. Mama watoto hajaacha kunikumbusha.

Kwa hiyo mwaka jana nilipoambiwa na fundi mwenzangu kwamba kuna mama anaotesha miti ya Krismasi kwenye njia ya kupanda Kibosho, nilikwenda nikiwa na roho ya polisi. Kitalu hakina bango. Kiko mkono wa kushoto ukitokea mjini, chini ya migravilea, na alama yake ni pipa la bluu lililokatwa nusu. Kuna miche ya parachichi, kahawa, maua ya kila aina, na nyuma kabisa safu za saiprasi, kuanzia zinazokufika gotini mpaka zinazokupita kichwa.

"Shikamoo mae."

"Marahaba baba. Unataka wa kukata au wa kuotesha?"

Swali hilo peke yake lilinilainisha. Nikamsimulia habari ya kijiti. Hakucheka. Akanipeleka kwenye mti mmoja, akaniambia nishike shina chini kabisa, nitikise. Kiriba kizima kikatikisika pamoja na shina. "Ukiona shina linacheza peke yake na udongo umetulia, huo umechomekwa, au umehamishiwa humo jana." Jaribio la sekunde tatu! Lingeniokolea elfu ishirini na tano zangu.

Kisha nikachagua mwenyewe, mti mmoja mnene, umbo la pia iliyopinduliwa, na akanikataza. Akauinamisha kidogo. Mizizi ilikuwa imetoboa kiriba na kuingia ardhini, minene kama penseli. Miche midogo, alisema, huwa anaisogeza kila mara ili mizizi inayochungulia nje ikatike na mingine iote ndani, lakini hii mikubwa ilisahaulika. "Ukiung'oa huu, nusu yake inabaki kwangu." Mfanyabiashara anayekataa kuuza mti wa elfu sitini mwezi wa Desemba simwoni kila siku. Ila kosa ni lake pia: angetandika nailoni nzito chini ya viriba, au angeviinua juu ya mbao, mizizi isingepata pa kupenya. Nilimwambia. Akasema nimletee mbao.

Bei za mwaka jana: wa gotini elfu sita, wa kiunoni kumi na nane, wa kifuani thelathini na tano, unaokuzidi kimo sitini. Wa kukata, usio na mizizi, elfu kumi na tano. Nikachukua wa kifuani kwa thelathini na mbili baada ya maneno mengi.

Kuchagua saiprasi kuna mambo yake. Kwanza, si sindano. Majani yake ni magamba madogo yaliyolaliana. Wapo wanaouza misindano, ile paina yenye majani marefu kama shibiri yanayoning'inia. Inapendeza shambani, lakini tundika pambo pale uone, linateleza kama embe kwenye kamba. Pili, usishtuke ukikuta magamba makavu ndani karibu na shina, hayo ni ya zamani yanaacha mti. Shtuka ukiona tawi zima limekuwa kahawia kutoka ndani kwenda nje, hasa likiwa na masizi meusi na kunata. Hapo fungua matawi utafute chawa wa miti, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Chawa wa saiprasi alionekana Malawi mwaka 1986, akatambaa mpaka huku kwetu, na baba yangu anakumbuka ua wake wote wa saiprasi ulivyokauka upande mmoja kama umemwagiwa maji ya moto. Tatu, pitisha mkono kwenye tawi kutoka ndani kuja nje. Kama mkono unatoka na kijani kingi, mwachie mwenyewe.

Na mimi kama seremala naongeza la nne: tazama kilele. Kiwe kimoja. Na mtu akikuuzia mti wa kukata ambao shina lake chini ni jembamba na limenyooka mno, ujue huenda ni kilele cha mti mkubwa wa mtu. Mti uliokatwa kilele huota vichwa viwili, vitatu, na mbao yake baadaye ni hasara tupu. Uliza umetoka wapi. Kuvuna kwenye hifadhi ya misitu bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na saiprasi haikosekani mashambani mwa watu hata iwe lazima kuiba.

Usafiri ndipo anapopoteza alama. Aliniahidi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, Jumamosi asubuhi, kikaja Jumapili mchana watu tumeshatoka kanisani. Mti ulilazwa bila turubai, juu yake kuna magunia mawili ya samadi ya mtu mwingine. Matawi matatu yamevunjika. Dereva akadai elfu kumi, na nilipolalamika akaniambia miti huota tena. Risiti hakuna. Na kuanzia katikati ya Desemba simu ya mama haipokelewi, maana magari ya Dar es Salaam yameanza kufika na kila mtu anataka mti leo leo.

Sasa kuutunza. Mama alinipa masharti manne kwa mdomo. Ningetamani ayaandike kwenye kikaratasi, kwa sababu mteja akifika nyumbani anakumbuka mawili. Usiuingize ndani moja kwa moja, uweke barazani kivulini siku mbili, maana mjini Moshi tuko chini ya mita 1,000 na jua la Desemba haliulizi; saiprasi ni mti wa juu, kwao ni milima ya Meksiko na Guatemala. Ndani usizidishe siku kumi, sebule ni giza kwake. Maji kila siku mbili, udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope. Usiukalishe dirishani kwenye jua wala mgongoni mwa friji panapotoa joto.

Niliuweka kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini, nikatoboa ndoo chini na kuweka sinia. Uzito, ndugu zangu! Udongo uliolowa si mchezo, na nilijuta kutochukua wa kiunoni. Lakini harufu ilijaa nyumba nzima. Wateja wangu wanashangaa ninavyosifia harufu ya saiprasi wakati nashinda nimezama kwenye maranda yake, ila mbao iliyokauka na mti unaopumua havinukii sawa. Taa ni zile ndogo za LED zisizopata moto.

Jirani yangu alichukua wa kukata, na huo nao nitausemea kwa sababu nilimshuhudia akiuua. Alileta mti saa nne asubuhi, akauegemeza ukutani mpaka jioni, ndipo akautia kwenye ndoo ya mchanga mkavu. Mti wa kukata ni kama ua la kwenye chupa: unataka maji, si mchanga. Ukikaa kwa muda wa saa sita au nane bila maji, utomvu unaziba pale ulipokatwa. Dawa ni kukata tena kipande cha vidole viwili chini, mkato ulionyooka, kisha uingie majini papo hapo. Nikamletea msumeno. Yeye akaona bora achonge pembeni ili shina lienee kwenye ndoo nyembamba. Nikamwambia hapana, maji hupanda kwenye mbao nyeupe ya nje, karibu na gome. Moyo wa mti hauvuti kitu. Ukichonga pembeni umekata bomba lenyewe. Akachonga. Wa kwake ulianza kupukutika tarehe 21.

Shina la unene wa sentimita saba au nane linaweza kunywa lita tatu kwa siku, hasa siku za mwanzo, kwa hiyo ndoo isikauke hata usiku mmoja. Soda, sukari, aspirini, yote hayo ni kubembeleza mti. Maji ya bomba yanatosha.

(Jirani mwingine, dada wa Tanga, alinishangaa kusikia naita saiprasi mti wa Krismasi. Kwao mkrismasi ni ule wenye maua mekundu unaowaka mwezi huu. Ukiniuliza mimi, wao ndio wenye haki: wao mti umejichagua wenyewe kwa tarehe. Sisi huku tuna wamisionari Walutheri wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893, na nadhani kwa Wajerumani hao mti lazima uwe wa kijani uliochongoka. Huko kwao wanatumia aina nyingine zinazochukua miaka saba mpaka kumi kufika kimo cha mtu. Saiprasi yetu huku juu hiyo ni miaka michache tu.)

Faida ya mizizi niliiona tarehe 24. Mjini nyumba zinafungwa, watu wanakwenda nyumbani, na miti ya kukata inaachwa ife kwa kiu sebuleni. Sisi tulikwenda kwetu Kibosho na mti wetu kwenye bodi ya pikapu ya shemeji, ukiwa na mapambo yake, na tarehe 27 tukaupanda. Kuupanda wapi, hapo ndipo kazi. Nilitaka mpakani. Baba akakataa katakata: mpakani kuna masale, mimea yetu Wachaga ya kuonyesha mpaka, na ukiweka mti mwingine pale kesho jirani atasema umesogeza kihamba, yaani shamba la ukoo. Karibu na kahawa? Hapana, saiprasi inakunywa maji na kivuli chake hakipitishi kitu, migomba nayo itanyong'onyea. Mama wa kitalu hakunieleza hata neno kwamba mti huu unaweza kufika mita thelathini. Hilo angepaswa kumwambia kila mtu anayenunua "wa kuotesha", hasa hawa wenye viwanja vya ishirini kwa ishirini ambao wataupanda chini ya waya za umeme.

Tukaupanda nyuma ya banda la ng'ombe. Tulipasua kiriba pembeni badala ya kukivuta, tukanyoosha mizizi iliyojizungusha, shimo likapata samadi iliyooza. Januari na Februari ndiyo miezi iliyonipa hofu, lakini mfongo, mfereji wetu wa maji, unapita hatua chache kutoka pale na mdogo wangu aliumwagilia mpaka masika yakaingia Machi. Mwezi uliopita nikaupima: umeongezeka shibiri mbili na kidogo. Matawi yaliyovunjwa na kirikuu yamezibwa na mengine. Nimepunguza ncha za pembeni ili ujae, bila kugusa kilele. Na ukipogoa usiingie mpaka kwenye sehemu ya tawi ya kahawia isiyo na majani, saiprasi haichipui tena pale, itabaki na kidonda cha milele.

Mti wa plastiki uko juu ya kabati, mguu mmoja haupo. Tusiuzungumzie.

Kwa nyota, mama wa kitalu nampa nne kati ya tano. Miti yake ina mizizi, anasema kweli hata kweli ikimgharimu, na bei yake kwa kazi ya miaka miwili mitatu ya kumwagilia siioni kubwa. Nyota ya tano imekaa chini ya yale magunia ya samadi. Nendeni kabla ya tarehe 10 na usafiri wenu, na kama mnaona aibu kutikisa shina mbele ya watu, mtikise hivyo hivyo.

Juzi nimepita kumpelekea vipande vya mbao aviwekee viriba chini. Nimeshachagua wa mwaka huu, wa kiunoni, nimeufunga kitambaa chekundu kileleni asiuuze. Ameniambia kitambaa hakina maana yoyote bila elfu kumi ya kianzio.