Core Temp kwenye kompyuta kuukuu ya mezani: inafaa, ukijua kuisoma

Kompyuta za mezani zilizotumika zenye prosesa ya Intel Core 2 Duo, kama Dell OptiPlex 780 na HP Compaq za umri huo, bado zinapiga kazi kwenye steshenari, shule na ofisi ndogo za Arusha na Moshi. Zikianza kusuasua mchana, mwenye mashine huambiwa aongeze RAM au apige Windows upya. Kabla hajatoa hela apime joto la prosesa kwanza. Core Temp ni programu ya bure, ni nyepesi hata kwa mashine yenye RAM ya GB 2, na nusu saa inatosha kujua kama tatizo ni joto au la.

Ubora wake ni kwamba inasoma kihisi kilichomo ndani ya kila kiini cha prosesa, si kile cha kwenye mazabodi. Kihisi hicho hakitoi nyuzi moja kwa moja. Kinasema zimebaki nyuzi ngapi kufika kikomo, na programu inafanya hesabu ya kutoa. E8400, mojawapo ya prosesa za Core 2 Duo, ina kikomo cha nyuzi 100, ambacho Core Temp inakionyesha kama "Tj. Max"; kihisi kikisema zimebaki 38, wewe unaona 62. Vihisi hivi huwa sahihi karibu na kikomo, lakini mashine ikiwa imepumzika hukosea kwa nyuzi kadhaa. Kwenye E8400 kuna hata vinavyoganda: kiini kimoja kinabaki na namba ileile asubuhi nzima. Usihukumu prosesa kwa hilo. Ipe kazi, namba ikianza kupanda, kihisi kizima.

Jambo jingine linalowachanganya hata mafundi ni ile nyuzi 72.4 iliyoandikwa kwenye maelezo ya Intel ya E8400. Hiyo ni ya juu ya kifuniko cha chuma cha prosesa, si ya ndani ya kiini. Kuona 74 kwenye Core Temp hakumaanishi umevuka mpaka.

Wakati wa kupakua, chukua toleo la ZIP badala ya kisakinishi. Kisakinishi kimekuwa kikija na ofa ya pembeni ambayo tiki yake lazima uitoe mwenyewe, na kwenye mashine ya steshenari inayoguswa na watu wengi hilo ni usumbufu usio na sababu. Fungua kwa haki za msimamizi.

Kupima kwenyewe kunahitaji mzigo wa kweli. Acha mashine itulie dakika 10, andika namba. Kisha bana folda kubwa kwa 7-Zip, au cheza video ya YouTube ya 1080p, kwa sababu Core 2 Duo hulazimika kuifungua video hiyo kwa nguvu zake yenyewe. Endelea dakika 20, halafu soma safu ya kiwango cha juu kabisa. Kwa E8400, chini ya 70 ni salama. Kati ya 70 na 80 inavumilika, hasa Moshi mwezi wa Februari. Ikipita 80 fungua boksi usafishe. Ikikaribia 100 prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na huo ndio uzito unaouona mchana.

Zaidi ya namba yenyewe, tazama inavyopanda. Ikiruka kutoka 45 hadi 90 ndani ya sekunde chache, na kushuka ghafla ukisimamisha kazi, hitisinki (chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa) haijakaa vizuri, au pesti ya kupitisha joto iliyo kati yake na prosesa imekauka. Ikipanda polepole kwa dakika 10 na zaidi, tafuta vumbi kati ya mapezi, feni iliyochoka, au boksi lililosukumwa ukutani. Kwa vumbi la kiangazi cha Arusha sababu hii ya pili ni ya kawaida sana, na hewa ya mita 1,400 ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani, hivyo feni ina kazi zaidi.

Ukipuliza kwa blowa, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Pesti ya zamani ifute yote kwa spiriti, kisha weka mpya kiasi cha punje ya kunde katikati. Hitisinki za Intel za kawaida zina pini 4 za plastiki: bonyeza mbili zilizo mkabala kwa mshazari, kisha mbili nyingine, na uchungulie nyuma ya mazabodi kuona zote zimetokeza. Pini moja iliyolegea inatosha kuleta ile miruko. OptiPlex hutumia skrubu, jambo zuri, ila plagi ya feni ya Dell nyingi za kipindi hicho si ile ya kawaida ya pini 4. Usinunue feni kabla hujailinganisha.

Upungufu mkubwa wa Core Temp ni kwamba haionyeshi kasi ya feni. Kwa hiyo ongeza HWMonitor, nayo ina toleo la bure. Pentium 4 haisomeki kabisa kwenye Core Temp, hapo tegemea HWMonitor au ukurasa wa joto kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kwa waliohamia Linux kama Ubuntu au Mint, sakinisha lm-sensors, kwenye terminal endesha sudo sensors-detect ukikubali majibu yake ya kawaida, kisha andika sensors.

Kwa mashine inayoachwa ikiwaka bila mtu, fungua "Overheat Protection" kwenye menyu ya "Options", weka nyuzi 90, na chagua mashine ijizime.