Gari Lilikula Petroli na Oili kwa Pamoja: Uzoefu Wangu na Gereji Inayopima Kabla ya Kufungua

Gari langu ni la Kijapani, la mwaka 2004, lenye injini ya petroli ya cc 1,800 na giaboksi ya otomatiki, na sasa limekaribia kilomita 190,000. Kwa miaka kadhaa nilipata wastani wa kilomita 10 kwa lita moja katika safari zangu za Mbezi Mwisho hadi Posta, foleni ya Ubungo ikiwemo. Kisha wastani ukaanza kushuka, na kwa kuwa sikutaka kubishana na mafundi kwa hisia, nilinunua daftari. Nilijaza tangi katika kituo kilekile na pampu ileile hadi bomba lilipojikata lenyewe, nikaandika kilomita, nikarudia mara tatu, na jibu likawa kilomita 7.2 kwa lita. Katika muda huohuo stiki ya oili ilikuwa ikishuka kutoka alama ya juu hadi ya chini kila baada ya kilomita 1,100 hivi, nami nilikuwa nikiongeza karibu lita nzima kutoka kwenye kopo ambalo lilikwisha kuwa mkazi wa kudumu wa buti.

Kabla ya kufika katika gereji ninayoizungumzia hapa, nilikuwa nimepewa hukumu tatu na mafundi watatu, na hakuna hata mmoja aliyepima chochote. Wa kwanza alisafisha nozeli na hali ikabaki vilevile. Wa pili alisikiliza injini kwa muda usiozidi dakika moja, akasema ringi (vyuma vya duara vinavyoziba nafasi kati ya pistoni na silinda) zimekwisha na kwamba nitafute injini ya mtumba, ambayo peke yake nilitajiwa shilingi 1,900,000 kabla ya gharama ya kuifunga. Wa tatu alinishauri niache oili ya 5W-30 nitumie 20W-50 kwa sababu ni nzito. Ushauri huo niliufuata. Ulaji wa oili ulipungua kidogo, lakini petroli ikazidi kuliwa, na asubuhi injini ikawa inazunguka kwa uzito kama inayolazimishwa.

Gereji yenyewe iko Tabata, si mbali na Barabara ya Mandela, nami nilielekezwa na mfanyakazi mwenzangu. Jambo la kwanza nililoambiwa ni kwamba vipimo vinalipiwa shilingi 70,000, kwamba fedha hiyo haipunguzwi kwenye matengenezo, na kwamba gari lazima lilale hapo ili liwashwe likiwa baridi. Nilinung'unika, kwa kuwa tumezoea kuona uchunguzi kama kitu cha bure kinachofuatwa na bili ya spea, lakini niliacha ufunguo.

Saa moja asubuhi iliyofuata nilikuwepo. Fundi aliliwasha gari huku kijana wake akishikilia karatasi nyeupe nyuma ya bomba la moshi. Moshi wa rangi ya bluu ulitoka kwa muda wa kama sekunde 20, kisha ukakoma, na karatasi ikabaki na vidoa vya mafuta. Injini iliachwa ingurume bila kukanyagwa kwa robo saa, halafu akakanyaga ghafla, na wingu jingine la bluu likatoka. Tulipoliendesha na kulikamua kwa nguvu kwenye sehemu iliyo wazi, moshi haukuonekana. Alinieleza kwamba ringi zilizochoka mara nyingi hutoa moshi wakati injini inavuta mzigo, ilhali moshi wa kuwasha asubuhi na wa kuondoka baada ya kusimama sana huelekeza zaidi kwenye sili za valvu, ambazo raba yake hukauka kwa umri na kuruhusu oili iteremke kwenye shina la valvu hadi ndani ya silinda.

Kilichonishawishi zaidi kilikuwa plagi. Alizitoa zote 4 akazipanga kwa mfuatano wa silinda juu ya kipande cha kadibodi. Zote zilikuwa na masizi meusi makavu, yale yanayofutika kwa kidole. Ila ya silinda ya 3 ilikuwa pia imelowa, na pembeni mwa ncha yake oili ilikuwa imeungua ikaganda kama ukoko wa sufuria. "Dada, haya ni magonjwa mawili," akasema. "Masizi makavu kwenye zote ni petroli inayozidi. Huu ukoko ni oili. Ukitibu moja ukadhani umetibu yote, utarudi." Wale wote waliotangulia walikuwa wakitafuta kosa moja la kueleza kila kitu.

Kipimo cha kompresheni, yaani shinikizo ndani ya kila silinda, kilisoma psi 175, 172, 166 na 174. Silinda ya 3 ilipotiwa kijiko cha oili na kupimwa tena ilipanda hadi 171 tu. Kama ringi zingekuwa zimekwisha, oili ingeziba pengo lake kwa muda na kipimo kingepanda kwa kiasi kikubwa zaidi. Hata hivyo alikuwa mwangalifu kuniambia kwamba kipimo hicho huonyesha hali ya ringi za juu, na kwamba ringi ya oili iliyo chini yake inaweza kuwa imenata kwa uchafu huku kompresheni ikiwa nzuri. Kisha akachomoa valvu ndogo inayorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa, akaitikisa karibu na sikio langu. Ikiwa nzima hugongagonga ndani. Hii ilikuwa kimya, yaani imenata.

Upande wa petroli ulipatikana kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Tulielekea Tazara, na kwenye foleni ya Buguruni joto la maji lilisoma nyuzi 82. Njia ilipofunguka likashuka hadi 64 na kubaki karibu na hapo, ilhali taa ya kuonya haikuwahi kuwaka. Tuliporudi gereji, mafundi wakafungua kikombe cha thamostati, kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto; kilikuwa kitupu. Ndipo nilipokumbuka kwamba miaka minne iliyopita, rejeta ilipovuja, fundi mwingine aliiondoa thamostati akisema kwamba kwa joto la Dar es Salaam haina kazi. Kumbe bila kifaa hicho maji huzunguka kwenye rejeta muda wote, injini haifikii joto lake, na kompyuta huendelea kuongeza petroli kama vile gari limewashwa sasa hivi. Katika magari mengi ya otomatiki, giaboksi nayo huchelewa kuingia gia ya juu hadi injini ipate moto.

Matengenezo yaligharimu hivi: thamostati na gasketi yake 45,000, maji maalumu ya rejeta 36,000, ile valvu ndogo 18,000, sili 16 za valvu 64,000, oili ya 5W-30 na kichujio 85,000, na ufundi 180,000. Pamoja na vipimo, jumla ni shilingi 498,000. Sili zilibadilishwa bila kushusha silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu): waliunganisha mpira wa kompresa kwenye tundu la plagi, upepo ukazishikilia valvu zisidondoke, wakafanya silinda moja baada ya nyingine.

Malalamiko ninayo. Niliahidiwa siku mbili, zikawa tano, kwa sababu sili za kwanza zilizoletwa zilikuwa pana na fundi akazikataa. Kuzikataa ni sifa yake, lakini hakuna aliyenipigia simu. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kila jioni. Pia mpokeaji wa wateja alinisisitiza ninunue sensa ya oksijeni kwa shilingi 160,000, na nilipoomba nionyeshwe kipimo kinachoituhumu, hakikuwepo. Nilikataa, na matokeo ya baadaye hayakunipa sababu ya kujuta.

Baada ya kujaza tangi mara sita kwa utaratibu uleule wa daftari, wastani ni kilomita 9.6 kwa lita. Oili sasa inapungua takriban robo lita kwa kilomita 1,000. Si sifuri, na nadhani ringi ya oili nayo ina sehemu yake, kama fundi alivyotahadharisha. Lakini baadhi ya watengenezaji huandika kwenye vitabu vya magari yao kwamba hadi lita 1 kwa umbali huo inakubalika, kwa hiyo sitafungua injini kwa ajili ya robo.

Ninawapa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeipunguza kwa sababu ya zile siku tano za ukimya. Mwenye kwenda alipeleke gari jioni na asikubali kupangiwa saa ya mchana, kwa maana lililokwisha kuendeshwa kutoka Mbezi hadi Tabata halitatoa tena ule moshi wa kwanza.