Sindano za Kichina na kiuno changu

Mimi fundi cherehani, Kariakoo. Kiuno kiliniuma mpaka nikiinuka nashikilia meza. Dada akanipeleka kliniki moja ya Kichina. Sindano ni nyembamba kama unywele, hazina dawa ndani, na kila moja ilitolewa kwenye pakiti mpya nikiona. Hapo ndipo nilipotulia. Ile iliyochomwa vidole vinne chini ya pia ya goti ilileta uzito hadi kwenye wayo. Unalala nazo dakika 20 hivi. Kisha wakaniumika kwa vikombe vya glasi vinavyovuta ngozi, chuku ile ile ya bibi yangu, ila yeye alitumia pembe. Baada ya mara ya nne, nashona asubuhi nzima.

Mkalimani tu ndiye tatizo: siku ya kwanza hakuwepo, nikashindwa kueleza kwamba natumia dawa za presha. Wamweke wa kudumu.