Jino la kupandikiza, Moshi: mara tatu narudi kwa skrubu ileile

Kilichoniudhi kuliko vyote ni yule binti wa mapokezi. Naingia na jino langu nimelifunga kwenye karatasi ya karanga, mdomo nimeuziba kwa leso, hata shikamoo hakuna. Ananiambia kwa sauti, benchi zima lisikie: “Baba, si uliambiwa usile mifupa?” Mifupa! Nilikuwa nakunywa mtori.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza jino lililegea, daktari akaikaza skrubu inayolishikilia kwa bisibisi ndogo, kwa kukisia tu, kisha nenda. Mimi ni fundi wa malori. Nati za gurudumu unazikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, gari likishatembea kidogo unazipitia tena. Nikamuuliza, hii skrubu haina kipimo? Akacheka. Safari ya tatu ikakatikia ndani.

Nikapanda Kosta hadi Arusha. Daktari wa huko akanionyesha kwenye picha: ile titani, yaani nguzo ya chuma iliyopandikizwa kwenye taya, imeshikana na mfupa vizuri kabisa. Hapo niwe mkweli, waliopandikiza hawakukosea. Balaa ni walichojenga juu yake. Nguzo moja, meno mawili! Gego limekaa juu ya nguzo, mwenzake ananing'inia pembeni, kila nikitafuna anaivuta skrubu. Na jino la kuzaliwa lina utando unaolibeba kama springi. Hili halina, kwa hiyo kishindo chote kinaishia kwenye kale kaskrubu.

Akakitoa kipande kilichokatika, taratibu, jasho likinitoka mimi. Akaweka mpya, akaikaza kwa kipimo, niutoni-sentimita 35 kama watengenezaji wanavyotaka, tukasubiri kama dakika kumi, akakaza tena. Jamani, kama gurudumu! Nusura nimkumbatie. Jino la sasa ni moja, jembamba kidogo, halina vilele virefu. Pengo la pembeni litapata nguzo yake pesa ikipatikana.

Haya, na mimi nina langu: mama watoto anasema usiku nasaga meno kama mashine ya unga. Arusha nimepewa kinga ya kuvaa nikilala. Lakini Moshi nani aliniuliza?

Nilitaka kuwapa nyota mbili kwa ajili ya ile titani. Nikikumbuka “mifupa”, moja inatosha. Na hiyo moja ni ya mlinzi wa getini, aliyeniambia pole.