Lamu Mjini na Shela: Kisiwa Kimoja, Tabia Mbili

Anayetaka kuelewa historia ya kisiwa cha Lamu hana budi kuchagua mahali pa kuanzia: Lamu mjini au Shela, kijiji kilicho umbali wa takriban kilomita tatu kusini, ambako hufikiwa kwa mashua au kwa miguu kando ya bahari.

Lamu mjini ndiko kwenye kumbukumbu nyingi zaidi. Ngome iliyokamilika mnamo 1821 ingali inatazama uwanja wa Mkunguni, na katika vichochoro vya mtaa wa Mkomani, ambamo mpita njia hulazimika kujibana ukutani ili punda mwenye shehena apite, nyumba za mawe humpokea mgeni kwanza katika daka, yaani ukumbi wa mlangoni, penye vibaraza viwili vya kukalia, kabla hajaona chochote cha ndani. Katika mtaa wa Langoni, upande wa kusini, kuna msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, mzaliwa wa Ngazija, na hapo ndipo Maulidi huujaza mji wageni. Mwaka 2001 UNESCO iliutambua mji huu kuwa urithi wa dunia.

Shela ni kimya zaidi, na pengine kimya mno siku hizi, kwa kuwa nyumba nyingi zimegeuzwa za wageni. Hata hivyo, nacho kina historia yake: mababu wa wakazi wake walihamia hapo kutoka mji wa Takwa, kisiwani Manda, na ufuoni hapo ndipo Walamu walipowashinda watu wa kisiwa cha Pate na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, mnamo 1812 hivi.

Kwa maoni yangu, anayetaka kuielewa historia hiyo aanze mjini.